Sintetiki Haiui? Wacheni Hiyo Stori

Mwaka jana niliposti video nikisema kamba ya sintetiki haiui. Nimeifuta. Na nyinyi ambao bado mnarudia huo uongo mkivuta magari kwa matope, hii ni yenu.

Hapa Tetu, mvua ya Aprili ikikaza, barabara za juu ya Ihururu zinageuka sabuni nyekundu. Pikapu ya jirani ikakwama kwa mtaro. Prado ikaja na kamba mpya ya nailoni, nene kama mkono wa mtoto. Tukajaa: watu wa boda, watoto wa shule, guka mmoja na mwavuli wake. Mimi nikasimama hatua tatu kutoka kwa kamba, simu juu. Si natafuta views?

Kamba ilifungwa kwa ule mpira wa chuma wa kuvutia trela. Prado ikachomoka mbio. Kamba ikanyooka, ikalia, lakini haikukatika. Kilichokatika ni ule mpira. Ulipasua kioo cha mbele cha pikapu ukazama kwa kiti cha abiria. Kiti kilikuwa tupu kwa sababu mke wa dereva alikuwa ameshuka kupunguza uzito. Ni hivyo tu, wasee. Hakuna ujanja mwingine uliomwokoa.

Mtaniambia sintetiki ni bora kuliko waya ya chuma. Kweli, ni nyepesi, haichomi mikono, na ile ya winchi ikikatika hairuki kwa nguvu kama waya. Lakini sintetiki si kitu kimoja. Ya nailoni inanyumbuka kama manati, ndiyo maana inafaa kuvuta kwa mshtuko. Ya winchi, kama Dyneema, hainyumbuki karibu kabisa: ukiivuta kwa mshtuko, pigo lote linaenda kwa gari. Na zote mbili ukizifunga kwa chuma kibovu, umetengeneza risasi.

Kwa hivyo, fungeni kwa kulabu za kuvutia zilizoshikwa kwa chesisi, kamwe si kwa mpira wa trela wala kwa bampa. Unganisheni kwa kitanzi cha kamba imara badala ya chuma kizito. Kamba ikikatika usiifunge fundo, kwa sababu fundo linaweza kula karibu nusu ya nguvu yake. Isiguse ekzosi, maana Dyneema inayeyuka karibu digrii 150. Isisugue mawe. Ukimaliza, ioshe matope, mchanga ukiingia ndani unakata nyuzi polepole, kisha uianike kivulini, jua pia linaila.

Na watu? Kamba ya mita 9, kaa karibu mita 14 mbali, na usisimame kwa mstari wake, mbele wala nyuma. Jaketi nzito juu ya kamba inasaidia kidogo, haikupi ruhusa ya kusogea.

Najua hamu mnaitoa wapi. Rhino Charge imekuwako tangu 1989, ikichangisha pesa za kulinda Aberdare, na ule ua wa takriban kilomita 400 uliokamilika 2009 unapita huku kwetu. Heshima kwao. Lakini wale wanaingia na magari yaliyotayarishwa na timu zilizojipanga. Wewe uko na Probox na kamba ya kufungia ng'ombe, halafu unaita umati upige makofi.

Shida yetu kubwa si kamba. Ni sisi wenye simu. Dereva akiona kamera anakanyaga zaidi, na watoto wakiona kamera wanasogea. Mimi nilikuwa sehemu ya hiyo hatari, na guka alikuwa amesimama nyuma yangu akidhani najua ninachofanya.

Sheria yangu sasa ni moja: mtu akiwa ndani ya mstari, gari haivutwi. Hata kama mvua inanyesha, hata kama dereva anapiga honi. Na siku nikikuja kusimama hapo na simu yangu, nifukuzeni.