Usinunue Stika

Bumu likishasoma tu, utawaona wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanateremka Kariakoo kutafuta laptopu. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikwenda na laki sita: sehemu ni bumu, sehemu ni hela aliyonipa mama walipovunja kikoba. Muuzaji akatoa mashine inang'aa, ina stika ya i7. "Dada yangu, i7 hiyo. Unamaliza nayo chuo." Nikalipa, nikarudi hosteli natamba.

Mwaka wa pili nikapata kibarua cha mtandaoni: kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Mahojiano manne, siku tatu. Usiku wa pili umeme ukakatika, betri ikazima dakika 20 baadaye. Umeme uliporudi, kila nikifungua Word na kivinjari kwa pamoja, mashine inaganda. Nikachelewesha kazi siku nzima. Mteja hakufoka. Alilipa, akashukuru, na hajanitafuta tena mpaka leo.

Ndipo rafiki yangu anayesoma kompyuta akanifungua macho. Prosesa yangu ilikuwa i7-3520M. Ile 3 inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi chake: kizazi cha 3, toleo la mwaka 2012, lenye viini viwili. Sasa chukua i5-8250U, ya kizazi cha 8, iliyotoka 2017: ina viini vinne na inatumia umeme kidogo zaidi. Yaani i5 hiyo inaiacha mbali i7 yangu. Stika ilisema kweli, mimi ndiye sikujua kuuliza ni i7 ya lini.

Kizazi kina maana nyingine pia. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha prosesa chache za nyuma yake. Ukinunua ya chini ya hapo leo, umenunua mashine iliyokwisha kuachwa njiani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa asaimenti, utafiti na vibarua vya kuandika, kutafsiri au kupanga data, i7 si lazima. Tafuta laptopu iliyotumika maofisini, kama ThinkPad, Latitude au EliteBook, yenye i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Najua wapo wanaosema mtumba ni kamari, bora mpya. Lakini mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zina prosesa dhaifu na RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, huwezi kuiongeza. Hiyo nayo ni kamari, ila ina boksi.

Kamari ya mtumba unaipunguza hapo hapo dukani. Kaa chini nusu saa. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uliobaki. Ukiwa chini ya nusu, toa bei ya betri mpya kwenye bei unayotajiwa. Izime, iwashe tena uingie BIOS. Ikidai nenosiri na muuzaji halijui, iache. Bonyeza kila herufi ya kibodi, jaribu kamera, Wi-Fi na kila tundu. Muuzaji akikuharakisha, sepa.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina kazi hapa. Kila mwaka tunawapokea wageni kwa fulana na muziki. Wiki ya usajili tuweke na meza moja, wanafunzi wa kompyuta wakae pale. Mtu akiwa dukani atume namba ya prosesa kwa WhatsApp kabla hajalipa, ajibiwe. Gharama yake ni meza na watu wawili wenye moyo.

Mama bado huniuliza kama ile laptopu inafanya kazi. Namjibu inafanya. Sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba kikoba chake cha mwaka mzima kiliishia kwenye stika.