Usalama wa wanachuo usiishie getini

Na Mwandishi Wetu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, sasa ni miongoni mwa mikoa yenye kampasi ya Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), iliyopo wilayani Bariadi. Kwa wazazi wa Zagayu na maeneo mengine ya Itilima, hatua hiyo imesogeza elimu karibu na nyumbani. Hata hivyo, chuo kinapoingia katika eneo jipya, huambatana na mamia ya vijana wanaohitaji vyumba vya kupanga, usafiri na njia salama za kurejea makwao usiku. Hapo ndipo suala la ulinzi linapoanza.

Historia ya IFM yenyewe inatoa funzo. Januari 2013, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana jijini Dar es Salaam kupinga uporaji na ukatili waliofanyiwa wenzao waliokuwa wamepanga Kigamboni. Matukio hayo yalitokea mitaani, ng'ambo ya kivuko, mbali na madarasa. Walinzi wa lango la chuo, hata wangekuwa makini kiasi gani, wasingeweza kuyazuia.

Kwa mujibu wa Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, taasisi inaweza kuwa na polisi wasaidizi wanaofanya kazi katika eneo lake chini ya usimamizi wa Jeshi la Polisi. Utaratibu huo una manufaa makubwa, kwani askari hao wanalifahamu eneo na wanafunzi wanawafahamu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina pia kituo cha polisi katika kampasi yake ya Mlimani. Pamoja na hayo, mwanafunzi anayeishi mtaani hubaki chini ya ulinzi wa polisi wa kata, uongozi wa mtaa na majirani zake.

Kwa msingi huo, kuboresha huduma za polisi vyuoni kunahitaji mambo matatu. La kwanza ni chuo, Polisi Kata na viongozi wa vijiji na mitaa kuwa na orodha ya pamoja ya maeneo wanakopanga wanafunzi, ili doria na taa za barabarani vielekezwe huko. La pili ni wenye nyumba kushirikishwa, kwa kuwa mlango imara na uzio ni sehemu ya ulinzi. La tatu ni taarifa kupokewa kwa staha na mlalamikaji kupewa mrejesho. Mwanafunzi aliyeporwa simu, akipewa namba ya jalada bila kuelezwa hatua inayofuata, hatarudi kituoni siku atakapoona jambo zito zaidi. Kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia, Dawati la Jinsia na Watoto lifahamike kwa kila mwanafunzi tangu wiki ya kwanza ya masomo.

Simiyu ina uzoefu wake wa ulinzi shirikishi. Sungusungu walianza miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakikabiliana na wizi wa mifugo. Moyo huo unaweza kuwalinda pia wanafunzi wageni, mradi sheria izingatiwe: mtuhumiwa hufikishwa kituoni, wala hahukumiwi barabarani.

Mzazi anayeuza pamba au ng'ombe ili kulipa ada anastahili kujua kuwa mwanawe yuko salama saa zote, si saa za vipindi pekee. Wananchi wanaoishi jirani na vyuo wanahimizwa kutoa taarifa za uhalifu kwa Polisi Kata, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, au kupiga simu ya dharura namba 112. Mgeni aliyepanga jirani yako ni mtoto wa mtu, na usalama wake unaanzia kwa anayemsikia akiomba msaada.