JIKONI KWETU: Usitupe kokwa ya lalobu

 

Mwezi huu tunaongea juu ya lalobu. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi, tulipofika hapa karibu na Juba tuliyaona yamejaa chini ya miti ya miiba, tukayapita tu. Mama wa hapa ndio waliotufundisha. Mwaka 2021 mgao ulipokatwa hadi nusu, tukawashukuru sana.

Kiangazi okota yale yaliyoanguka yenyewe, ya rangi ya manjano au kahawia. Vaa viatu, miiba yake ni mibaya. Menya ganda, nyama yake ni tamu yenye uchungu kidogo. Watoto wanaimung'unya kama pipi, ila wadogo sana msiwape, kokwa inaweza kuwakaba. Ukitaka kinywaji, loweka usiku kucha kwenye maji safi, kamua, halafu chuja.

Sasa kokwa. Wengi wanaitupa, kumbe ndani kuna mbegu yenye mafuta. Anika, pasua kwa jiwe, toa mbegu. Usile hivyo hivyo! Chemsha, mwaga maji, tia mengine, chemsha tena. Rudia mpaka ukionja uchungu umekwisha. Hapo tia chumvi, au twanga uchanganye na mboga. Mwenzetu mmoja alikuwa na wageni, akachemsha mara moja tu. Sufuria nzima ilimwagwa, kuni zikaenda bure, wageni wakalala na chai. Haraka haraka haina baraka.

Yale maji machungu tusiyamwage mtoni wala bwawani, yanaua samaki.

Akina mama, twende kwa kikundi, na tuage nyumbani. Vita viliacha mabomu ardhini. Mtoto akiona chuma asichokijua asikiguse, arudi kwa njia ile ile aliyoijia, awaambie wakubwa. Na tunda ambalo wenyeji hawalili, sisi pia tusilile.

Mwisho, tusikate mlalobu kwa ajili ya makaa. Gunia la makaa linaisha upesi, lakini mti ukiachwa utawalisha hata wajukuu.

Mwezi ujao tutapika uji wa ukwaju. Mwenye ujuzi wake atuambie mapema.