Mgongo wa Mtu si wa Kujaribia
Wako vijana wanaodhani kwamba tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo huhitaji nguvu za mikono tu. La hasha! Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza asiyewahi kusomea tiba afunzwe kwa miaka minne, saa zisizopungua 4,200, miongoni mwazo 1,000 za kuwahudumia wagonjwa chini ya msimamizi. Husomea mifupa, neva na picha za eksirei, ili ajue pia ni mgongo upi haufai kuguswa.

Walimu, waelezeni wanafunzi kwamba mlango wa kazi hii ni bayolojia, wala si misuli. Nasi wagonjwa tuulizie cheti kabla ya kujilaza kitandani. Shingo ikivunjika, haiungwi kwa samahani.