Mtoto wa Watu Si Sinema

Wandugu wa Mantapala, na ninyi wa Kashikishi mnaotusomaka, leo hatuandiki kwa kucheka.

Juma lililopita kijana mmoja alifika na simu yake kwa mama mmoja wa kwetu. Mama huyo ana mtoto mwenye maji kichwani. Kijana akatoa kwacha 50 na pakiti ya sukari, akamwambia amtoe mtoto juani, amgeuze, amgeuze tena. Jioni video ilikuwa inazunguka kwenye simu zetu zote, na muziki wa kuogopesha, na maandishi "mtoto wa ajabu". Tuseme ukweli: wamoja kati yetu tuliituma mbele kabla ya kujua ni mtoto wa nani. Haya hiyo tunaibeba.

Sasa kijana anajitetea: "Mama alikubali, nami nililipa."

Lugha hiyo tunaijua. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Phillips Verner alimchukua Ota Benga, Mbuti wa Kongo yetu, mikononi mwa wauza watumwa. Mwenyewe alisimulia kwamba alilipa chumvi na kitambaa. Akampeleka kwenye maonyesho ya St. Louis, watu waangalie ufupi wake na meno yake yaliyochongwa. Mwezi wa 9 mwaka 1906 akawekwa ndani ya nyumba ya nyani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Magazeti yaliandika kuwa Jumapili moja walikuja watu kama 40,000. Wachungaji weusi ndio walipiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916, huko Lynchburg, alijiua. Wenye bustani waliomba msamaha mwaka 2020, yaani miaka 104 baadaye!

Na Ota Benga hata hakuwa mgonjwa. Julia Pastrana wa Mexico alizaliwa na hali ya kuota nywele uso na mwili mzima. Mume wake, Theodore Lent, ndiye alikuwa anakusanya kiingilio. Mwaka 1860 Julia alifia Moscow, siku chache baada ya kuzaa mtoto ambaye naye hakuishi. Lent akaendelea kuonyesha maiti zao mbili, zimekaushwa, na watu wanalipa. Julia alizikwa kwao mwaka 2013 tu.

Basi swali letu si kama mama alikubali. Mama ambaye unga umeisha nyumbani anakubali vitu vingi. Swali ni pesa inaingia mfuko wa nani, na nani anaweza kusema "basi, zima simu". Mtoto wa miaka miwili hawezi.

Kuna mwenzetu alituuliza kwenye kikao: na Aki na Pawpaw je? Si watu wanawacheka ufupi wao? Bana, wale ni watu wazima, waigizaji wenye majina yao wenyewe, wanakubali kazi ao wanaikataa. Mtu mfupi akitaka kuchekesha kesho pale sokoni Kashikishi, na sahani ya pesa iko mbele yake mwenyewe, tutaenda kupiga makofi.

Kitu kinachotuuma zaidi ni hiki. Maji kichwani si uchawi, si laana ya ukoo. Daktari wa upasuaji anaweka mrija mwembamba chini ya ngozi, unashusha maji kutoka kichwani mpaka tumboni. Mtoto akiwahishwa, anaweza kukua vizuri. Video ile ingesema maneno hayo tu, labda mtu mmoja angechanga nauli ya kwenda Lusaka. Lakini iliuliza watu kama ni mtoto ao ni pepo, na sasa majirani wanakataza watoto wao kuchota maji karibu na nyumba ile.

Nauli tumeanza kuchanga sisi. Mwenye kitu alete kwa viongozi wa kikundi, hata kwacha 5.

Na wewe kijana, jina lako hatuandiki. Unajua kama tunakujua. Video bado iko juu. Ifute leo, halafu uende kwa yule mama bila simu.