Chikungunya: Chanzo cha maumivu kichunguzwe

MWAKA 1952 homa ngeni ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walishikwa na maumivu makali ya viungo hata wakashindwa kusimama wima. Ndipo ugonjwa ukapewa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kitu kinachokunja. Leo jina hilo linatumika duniani kote.

Virusi vya ugonjwa huu huenezwa na mbu wanaouma mchana. Homa yenyewe kwa kawaida huisha katika muda wa wiki moja, lakini baadhi ya wagonjwa huendelea kuumwa viungo kwa miezi, na wengine kwa miaka. Mkulima hawezi kushika jembe, wala fundi cherehani sindano. Kwa kuwa homa imekwisha, wapo wanaomwita mvivu, na wapo wanaosema amerogwa. Hayo ni makosa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wataalamu wamekwisha anza kutafuta chanzo. Baada ya ugonjwa huo kuenea katika kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, watafiti walikuta mabaki ya virusi ndani ya kiungo cha mgonjwa aliyeambukizwa miezi 18 kabla. Lakini nchini Colombia watafiti wengine walipima maji ya viungo vya wagonjwa wa muda mrefu, wasione virusi vyovyote. Kwa hiyo yapo mawazo mawili: ama virusi hujificha mwilini, ama kinga ya mwili, hata baada ya kumshinda adui, huendelea kupigana na kuviumiza viungo vyenyewe.

Huu si ubishi wa wasomi tu. Ikiwa virusi vimejificha, dawa ya kupunguza nguvu za kinga huenda ikavipa nafasi. Ikiwa kinga ndiyo inayodhuru, dawa ya kuua virusi, hata ikipatikana, haitamfaa mgonjwa.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, hospitali zisimwondoe mgonjwa katika hesabu mara homa inaposhuka, bali zimfuatilie na kuweka kumbukumbu za hali yake. Pili, wataalamu wetu washiriki kikamilifu katika utafiti huu badala ya kungoja majibu kutoka ng'ambo, kwani ni katika ardhi yetu ugonjwa huu ulipopewa jina.

Na hadi jibu litakapopatikana, mgonjwa anayesema bado anaumwa hana budi kusadikiwa.