Mita erevu: werevu mwingi, mbele giza

Kuna wimbo unaoimbwa siku hizi kila panapozungumzwa habari za umeme barani Afrika: mita erevu. Eti zikifungwa kila nyumba, wizi wa stima utakwisha, bili za kukadiria zitakwisha na giza litakwisha. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, mashine nazipenda. Lakini wimbo huu una beti zilizorukwa.

Tuanze na mita ya tokeni tuliyo nayo. Haina intaneti wala simkadi, haizungumzi na mtu. Unalipa kwa M-Pesa, tarakilishi za kampuni zinatunga nambari ya tarakimu 20, unaibonyeza, mita inaifungua kwa ufunguo wa siri uliomo ndani yake na kuongeza yuniti. Basi. Mfumo huu, STS, ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, na waliouunda walitumia akili: nambari husafiri kwa SMS, kwa karatasi ya dukani, hata kwa mdomo.

Ila walituachia deni. Kila tokeni hubeba muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ni biti 24 tu. Piga hesabu: 2 kwa kipeo cha 24 ni dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Hesabu ilijaa Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikuwa imebadilishiwa ufunguo kufikia siku hiyo ingekataa tokeni mpya. Na kwa kuwa mita haifikiki kwa mbali, aliyeifanya kazi hiyo ni nani? Ni mama mboga, ni mzee wa miwani aliyebonyeza nambari tatu za tarakimu 20 kila moja, mbili za kubadilisha ufunguo na moja ya yuniti alizonunua.

Najua watetezi wa mita erevu watarukia hapo: "Umeona? Ndiyo maana tunataka mita zinazozungumza!" Sawa, nusu ya hoja nawapa. Lakini waya unaoleta marekebisho ndio huo huo unaoleta amri ya kukata. Desemba 23, 2015 wadukuzi nchini Ukraine waliingia katika tarakilishi za kampuni za umeme, wakafungua swichi za vituo wakiwa mbali na kuacha wateja kama 225,000 gizani. Stima ilirudi baada ya mafundi kuziendesha swichi kwa mikono. Sasa wewe unataka kuweka swichi ya namna hiyo katika kila nyumba, halafu huniambii funguo zake atazishika nani?

Kuna na jambo la siri zetu. Mita inayosoma kila nusu saa inajua unalala saa ngapi, umesafiri lini, nyumba iko tupu lini. Uholanzi, seneti ilikataa mwaka 2009 mswada wa kumlazimisha kila mtu kufungiwa mita hizo, na faragha ilikuwa sababu kubwa. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Itumike kabla ya mita kufungwa, si baada ya data kuvuja.

Halafu tuulizane: ugonjwa wetu uko wapi hasa? Kenya hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme kati ya mtambo na mteja. Agosti 25, 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Mita ya jikoni kwako, iwe erevu namna gani, haizuii gridi kuanguka. Na kama unatafuta mwizi, anza na mita moja kwenye transfoma. Toa jumla ya matumizi ya nyumba zake kutoka kwa kilichopita pale, na tofauti itakuonyesha mtaa wa kuchunguza. Transfoma ni chache mno kuliko nyumba, kwa hiyo gharama ni ndogo. Lakini tenda yake pia ni ndogo... labda ndiyo maana haiimbiwi.

Sisemi mita erevu zisije. Nasema zije kwa masharti. Kwanza transfoma na njia kuu, nyumba baadaye. Pili, mteja aone data yake yote, bure, na ajue nani mwingine anaiona. Tatu, mita ifuate viwango vilivyo wazi. Mwaka 2024 tulivuka kwa sababu STS si mali ya kiwanda kimoja. Utaratibu ulijulikana, na mita za viwanda tofauti zilirekebishwa kwa njia moja. Tukinunua mita zilizofungwa za kampuni moja, siku ikifilisika au ikipandisha bei tutamlilia nani?

Uamuzi wa biti 24 ulikaa kwenye kuta zetu miaka mingi. Utakaosainiwa sasa nao utakaa vivyo hivyo. Kwa hiyo mbunge wako akija kuisifu mita mpya, muulize maswali mawili: swichi anashika nani, na data anasoma nani? Akibabaika, usipige makofi.